Tegu wa nguruwe: Dawa ya mfugo pekee haitazuia kifafa Mbulu na Hanang

MFUGAJI wa nguruwe katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hujua hasara yake pale mnunuzi anapoufumbua mdomo wa mnyama, akaupapasa ulimi na kukuta vivimbe vidogo mithili ya punje. Aghalabu biashara huishia hapo.

Punje hizo ni viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, mnyoo ajulikanaye kitaalamu kwa jina la Taenia solium. Hata hivyo, hasara ya mfugaji ni sehemu ndogo tu ya tatizo, kwa kuwa mnyoo huyo ni miongoni mwa vyanzo vya kifafa vinavyoweza kuzuilika.

Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa kati ya nguruwe 770 waliopimwa ulimi katika vijiji 21 vya Mbulu, asilimia 17.4 walikuwa na viluwiluwi. Katika kijiji kilichoathirika zaidi kiwango kilifikia asilimia 46.7. Mwaka 2009, utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia pia wakazi wa Hanang, ulibaini kuwa takribani asilimia 18 ya wagonjwa 212 wa kifafa waliopigwa picha za ubongo walikuwa na dalili zinazoashiria viluwiluwi hivyo.

Wengi hudhani kuwa kifafa hicho huletwa moja kwa moja na nyama ya nguruwe. Sivyo. Anayekula nyama yenye viluwiluwi isiyoiva hupata tegu wa utumbo, anayeweza kurefuka mita kadhaa na kutoa maelfu ya mayai yanayotoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi hicho huambukizwa, na viluwiluwi hujijenga katika misuli yake.

Binadamu naye akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa vema, viluwiluwi huweza kujijenga katika ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo hata asiyeonja kitimoto maishani mwake hayuko salama, iwapo anaishi au anakula pamoja na mtu mwenye tegu.

Kwa upande wa mifugo, dawa iliyothibitika ni oksifendazoli, ambayo nguruwe hunyweshwa mara moja kwa kipimo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa hiyo huua viluwiluwi vya misuli, ingawa vilivyomo katika ubongo wa mnyama huweza kusalia. Sindano ya ivermektini, inayotumiwa na wafugaji wengi dhidi ya upele na minyoo mingine, haitibu ugonjwa huu.

Mfugaji hapaswi kumchinja nguruwe mara baada ya kumtibu. Ni lazima apite muda wa walau wiki tatu, au ule ulioelekezwa na mtengenezaji, ili mabaki ya dawa yaishe mwilini. Aidha, vivimbe vilivyokufa huchukua hadi miezi mitatu kutoweka katika nyama, hivyo ni busara kupanga tiba mapema kabla ya msimu wa kuuza.

Kwa binadamu, tegu wa utumbo hutibiwa kwa prazikwanteli au niklosamidi. Lakini mtu mwenye kifafa au maumivu makali ya kichwa yasiyokoma asijinunulie dawa hizo dukani. Viluwiluwi vinapokufa ghafla, ubongo huweza kuvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Tiba yake huhitaji uchunguzi wa hospitali, dawa za kutuliza uvimbe na za kuzuia kifafa.

Dawa pekee hazikati mzunguko huu. Nguruwe aliyetibiwa akiendelea kuzurura penye kinyesi, baada ya miezi michache huweza kuambukizwa upya. Silaha kuu ni banda, choo kinachotumiwa na wote katika kaya, ukaguzi wa nyama na kuipika hadi isibaki wekundu wowote ndani.

Elimu nayo ina nafasi yake, lakini ina mipaka. Matokeo ya jaribio la kutoa elimu ya afya katika vijiji vya Mbulu, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kuwa maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takribani asilimia 43, na ulaji wa nyama yenye viluwiluwi ulipungua pia. Hata hivyo, mienendo mingine inayoeneza ugonjwa haikubadilika kwa kiasi kikubwa.

Kujua ni jambo moja, kumudu gharama ya banda na kuchimba choo ni jambo jingine. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa daktari wa mifugo peke yake: inamhitaji pia mganga wa zahanati, bwana afya na kila kaya yenye nguruwe.