Kijibwa kikianguka alfajiri, usikimbilie fimbo

Mbwa Unguja ana sifa zake, na si zote nzuri. Mtaje barazani Mji Mkongwe uone: huyu anakutajia udhu, yule anakutajia kichaa, wa tatu keshakunja kanzu yuko upande wa pili wa kichochoro, na mbwa mwenyewe hata hajapita.

Lakini tusidanganyane. Mbwa tunao, na tumekuwa nao siku nyingi. Wasasi wa mashamba, wale wanaowinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu, hawaingii msituni bila mbwa. Na mtoto yeyote aliyepita chuoni anakijua kisa cha Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf, na mbwa wao kanyoosha miguu pale mlangoni.

Kilichozidi siku hizi ni mbwa wa namna nyengine kabisa. Huyu hasasi nguruwe, na akimuona nguruwe huenda akazimia. Ni vile vijibwa vya kubeba kwapani: Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian, Maltese. Vinakuja na wageni waliohamia, vyengine vinaletwa zawadi kutoka Dar es Salaam, vimefungwa utepe shingoni kama bibi harusi. Chihuahua mzima, mtu mzima wa watu, kwa kanuni za wafugaji wa Marekani hatakiwi kuzidi kilo 2.7. Paka wa Darajani aliyeshiba matumbo ya samaki anamzidi uzito, na kwa kupigana ndiyo usiseme.

Sasa ikiwa mama mtu ni kilo 2.7, mwanawe wa miezi miwili atakuwa na ngapi? Hapo ndipo penye mkasa wa leo.

Kijibwa umekilaza usiku kizima, kimecheza, kimeng'ata kandambili za watu, kimelala. Alfajiri unakiamsha, hakiamki vizuri. Kimelegea kama kitambaa. Ukikisimamisha kinapepesuka, kichwa kinaning'inia, macho yanatazama pasipo na kitu. Ukikishika masikio na miguu, baridi. Dakika kidogo kinaanza kutetemeka, halafu miguu inatupwa huku na huku, na mate mdomoni.

Basi hapo nyumba inajaa. Mmoja atasema kalishwa sumu. Bibi wa ghorofani atasema jicho hilo, watu wamekitazama sana. Mwengine, kwa kuwa kaona watoto wa binadamu wakikamaa vivyo hivyo, atasema degedege. Na hakosekani wa mwisho, mwenye sauti kubwa kuliko wote: "Kichaa hicho! Leteni fimbo!"

Fimbo ikifika kabla ya kijiko, kimekwisha kijibwa cha watu. Na mara nyingi kilichokipata si sumu, si jicho, wala si kichaa. Sukari imekiishia kwenye damu.

Sukari ya kushuka

Sisi tukisikia "ana sukari" tunaelewa ile ya kupanda. Lakini nani Unguja hana shangazi anayejichoma insulini? Siku aliyojichoma halafu akachelewa kula mliona wenyewe: jasho, mikono inatetemeka, anajibu mambo ambayo hakuulizwa, mara yuko chini. Mkampa soda, baada ya robo saa anakuulizeni mnamtolea macho ya nini. Kijibwa ni vivyo hivyo, ila chenyewe hakikuchomwa sindano yoyote. Kimekosa kula tu, basi.

Mwili ukishiba huweka akiba ya sukari kwenye ini. Usiku, tumbo likiwa tupu, ini linatoa kidogo kidogo ili ubongo usizime. Mbwa mkubwa ni kama mtu mwenye gunia la mchele ndani, akikosa kwenda sokoni siku mbili hana wasiwasi. Kitoto cha kijibwa ni kama yule anayenunua mchele kwa kikombe. Ini lake dogo na bado changa, nyama hana, mafuta hana, na ubongo wake kwa mwili ule ni mkubwa na unakula sukari muda wote. Juu ya hayo, mwili mdogo unapoteza joto upesi, na kujipasha joto nako ni gharama. Saa chache tu za kukaa na njaa zinatosha kumaliza kikombe.

Wenye hatari zaidi ni wale wa wiki 6 hadi miezi 4 hivi, hasa waliotoka kuachishwa ziwa. Madaktari wa wanyama huanza kuhofu sukari ya mbwa ikiteremka chini ya miligramu 60 kwa desilita, yaani 3.3 kwa vile vipimo vyengine. Kile kimashine cha shangazi kinaweza kutoa fununu kwa tone la damu ya sikio, ila kimetengenezwa kwa damu ya binadamu na kwa mbwa huelekea kusoma chini. Usikae unatafuta betri wakati mgonjwa anakata roho.

Habari hii ya mnyama kuanguka kwa kukosa sukari si mpya, kwa taarifa yako. Mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini kwa kufanyia majaribio mbwa. Mwenzao, James Collip, alipoisafisha dawa ile na kuwadunga sungura, sungura waliozidishiwa wakatupa miguu na kukamaa. Akawapa sukari, wakainuka. Kilichowainua ndicho kitakachokiinua kijibwa chako, na kiko jikoni kwako.

Kijiko kwanza

Chukua asali. Ikiwa hakuna, koroga sukari nyingi kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka iwe nzito, au glukosi ya unga ya dukani. Na hapa nawatetea wale jamaa wanaotuuzia "asali ya Pemba" ambayo nyuki hakuiona hata kwa mbali: kwa kazi hii hata ya kupikwa inafaa, kwani si sukari hiyo hiyo?

Kiasi cha robo kijiko cha chai kinatosha kuanzia. Usimimine mdomoni. Narudia, usimimine. Kijibwa kilichozimia hakimezi, na ukikimwagia kitu kitaingia kwenye mapafu, uwe umekiokoa kwa sukari na kukiua kwa maji. Paka kidogo kidogo kwenye ufizi na ndani ya shavu, huku kimelala ubavu. Kwa sababu hiyo hiyo achana na halua, ambayo inanata, na juisi ya miwa ya Forodhani, ambayo ina ndimu na tangawizi ndani. Hizo kunywa wewe ukishatulia.

Wakati mkono mmoja unapaka, mwengine unapasha joto. Kifunge kwenye kanga, tia maji ya moto kiasi kwenye chupa, izungushe kitambaa, kiwekee ubavuni. Usikiweke karibu na jiko la mkaa, wala usikichovye kwenye maji. Joto lipande taratibu.

Mambo yakienda sawa utaona tofauti ndani ya dakika 5 mpaka 15. Kitainua kichwa, kitalamba midomo, kitakutazama wewe badala ya ukuta. Kikishaweza kusimama na kumeza, hapo hapo kipe chakula cha kweli, kidogo: yai la kuchemsha lililopondwa, au kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala viungo. Watu wengi hukosea hapa. Wanaona kimeinuka, wanashangilia, wanakilaza. Sukari tupu inapanda haraka na kushuka haraka, na baada ya saa moja mko pale pale mlipoanzia.

Kisipoinuka katika robo saa, au kikiinuka kikaanguka tena, huo si mzigo wa nyumbani. Mpigie daktari wa mifugo, na mkiwa njiani endelea kupaka ufizi. Yeye atakitia sukari moja kwa moja kwenye mshipa. Na hata kikiinuka vizuri kipeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu njaa ya usiku huwa na wenzake: minyoo inayokula kabla yake, viroboto wanaofyonza damu, au lile gonjwa la parvo la kuhara damu. Kijibwa chenye tumbo kama ngoma na mbavu za kuhesabika kina minyoo mpaka itakapothibitishwa vyengine.

Mate, na kichaa

Najua unalotaka kuuliza, na si la kuonea haya. Sisi wengi wetu ni Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanaona vyengine, lakini hatukuja hapa kubishana madhehebu. Jawabu ni rahisi. Tumia mpini wa kijiko uliozungushiwa kitambaa, au vaa glavu za dukani, au tia kijaluba cha nailoni kidoleni, ukimaliza tupa. Kama mate yamekugusa, maji yapo na mchanga upo. Na tunayo ile hadithi mashuhuri ya mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake na akasamehewa madhambi yake. Viatu vyake aliviosha vipi, hiyo ni kazi ya wanavyuoni.

Glavu zina faida nyengine, kubwa kuliko hiyo. Kijibwa kinachokamaa kinaweza kuuma bila kukusudia, na kichaa cha mbwa nacho kipo, tusijifanye hakipo. Kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo angalia historia. Kijibwa ulichokilea mwenyewe ndani, hakijawahi kuumwa na mbwa wa nje, jana kilikuwa kizima na leo alfajiri kabla ya kula kimeanguka: fikiria sukari. Kilichookotwa, au kilichong'atwa wiki au miezi iliyopita, kimebadilika tabia, sauti imekauka, kinashindwa kumeza na kinadondosha mate mfululizo: hicho usikiguse, kifungie chumbani uite watu wa mifugo. Kichaa hakiponi kwa asali.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Usisubiri uone kijibwa kitakuwaje. Na chanjo yake chenyewe kwa kawaida hutolewa kikifika miezi 3.

Ratiba ya kula

Ukitaka kulala usingizi wako, kipe chakula mara nne mpaka sita kwa siku, kila baada ya saa tatu au nne, kidogo kidogo. Cha mwisho kiwe saa nne au saa tano za usiku, wakati watu wanafunga milango, na cha kwanza kiwe mapema alfajiri. Uji mtupu hautoshi. Kinataka nyama, yai, mafuta, au chakula chake cha kopo cha watoto wa mbwa, ukikipata na ukikiweza bei.

Mabaki ya biriani usikipe, hata kikilia. Lina vitunguu maji na thomu, na vyote viwili vinaharibu damu ya mbwa, na zile zabibu juu yake zinaweza kumuua figo. Na peremende na bigijii "zisizo na sukari" za shangazi ziweke juu kabisa ya kabati. Baadhi zina zailitoli, ambayo kwa binadamu haina neno, lakini mwili wa mbwa unaipokea kama sukari, unamwaga insulini nyingi, na ile sukari kidogo iliyokuwepo inashuka mpaka chini.

Siku ya kuvuka bahari kutoka Dar nayo ni ya kuangaliwa. Watu hukinyima chakula ili kisitapike, kinashinda na njaa bandarini, kinakaa kwenye kikapu chini ya kiyoyozi kama saa mbili, kinatetemeka kwa hofu, kinafika Malindi kimelegea na wenyewe wanasema kalewa bahari. Huenda ni bahari, huenda ni sukari. Kilishe kidogo saa mbili kabla ya safari, kifunike, na asali iwe kwenye mkoba pamoja na vyeti vya chanjo na kibali.

Halafu inakuja Ramadhani. Nyumba nzima inalala mchana, jiko halijawashwa mpaka alasiri, na kila mtu anadhani mwengine keshakilisha. Kijibwa hakifungi. Kiwekee zamu ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, kuku wake achemshwe usiku pamoja na daku awekwe kwenye friji, na yule anayeamka kula daku akigongee bakuli lake kabla hajarudi kulala.