Baba Watoto Anataka Kompyuta ya Gemu? Kaeni Mezani Kwanza!

Kuna wivu wa nyumba ndogo na kuna wivu wa kompyuta. Huu wa pili usiudharau. Ukiona mwanaume anahesabu hela ya mbaazi huku anaangalia video za kompyuta za gemu kwenye simu, ujue nyumba imepata mgeni. Mimi naishi hapa Babati mjini, nina kiduka cha steshenari, na mgeni huyo alishabisha hodi kwangu. Leo nakupa mbinu za kumkaribisha bila ada ya watoto kuliwa.

KWANZA: GEMU GANI?
Usianze na "shilingi ngapi?" Anza na "unataka kucheza nini?" Wangu alitaja mbili: GTA V na mpira. Nikapumua! GTA V ilitoka 2013 na kufika kwenye kompyuta 2015, kwa hiyo haidai mashine ya mamilioni. eFootball nayo inapatikana bure tangu 2021. Andikeni majina ya magemu kwenye karatasi, kisha someni watengenezaji wanataka prosesa gani, RAM kiasi gani, kadi gani ya grafiki na nafasi gani kwenye diski. GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 70, kwa hiyo hata bando la kuishusha liwekeni kwenye bajeti.

PILI: MNACHO NINI TAYARI?
Kompyuta za mtumba za ofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, nyingi zina prosesa nzuri tu. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki. Bila kadi hiyo, picha zinachorwa na prosesa yenyewe, tena inakopa RAM. Ndiyo maana gemu linagandaganda.

Dukani kwangu palikuwa na moja, boksi kubwa, imeshastaafu kazi ya kuchapa. Tukasema tuikarabati hiyo. Mambo ya kujua ni haya:

RAM: vipande viwili vya GB 8 vinashinda kimoja cha GB 16, maana vinafanya kazi kwa pamoja. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa hiyo mlizonazo zikifaa msizitupe.

SSD: kompyuta inawaka haraka na gemu linafunguka haraka. Lakini mkishaanza kucheza, haigeuzi kadi dhaifu kuwa kali. Anayekuambia hivyo anatafuta hela yako.

Kadi ya grafiki: hapa ndipo hela kubwa iende. Ila tahadhari! Pawa saplai ya ofisini ni ndogo, na mara nyingi haina waya wa kulishia kadi kubwa. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75 tu. Tafuteni kadi inayotosheka na hizo, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zile zisizodai waya wa ziada. Na kama boksi lenu ni lile jembamba, kadi ya kawaida haiingii, kuna fupi zake maalumu. Pimeni kwa rula kabla ya kutuma hela Arusha au Kariakoo. Kadi ikiwa ya mtumba, ijaribuni kwa gemu nusu saa nzima ndipo mlipe.

Kama hamna kompyuta kabisa, chagueni yenye Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 iliachwa na wenyewe Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za zamani.

TATU: LUKU
Hapa wengi hawafiki. Kompyuta ya wati 200, ikichezwa saa tatu kwa siku, inakula uniti 0.6. Kwa mwezi ni uniti 18. Nyumba iliyo kwenye tarifu ya D1, yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, karibu robo imeshaondoka kabla ya friji na pasi. Tena umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kadi ya gharama inaweza kuungua. UPS au stabilaiza iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

NNE: PESA NA MUDA
Uzuri wa kompyuta ni kwamba inajengwa kidogo kidogo. Sisi tulikubaliana ada na sare za Januari zilipwe kwanza, kisha kipande kimoja kimoja, na hakuna mkopo. Baba watoto alinuna siku mbili. Lakini hakufichwa kitu, na yeye hakuficha kitu. Kila risiti iko kwenye daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Na muda je? Pangeni saa: watoto wamemaliza homuweki, mmekula, mmeongea. Ukimnyima kabisa ataenda kucheza kwa washkaji na hutajua anarudi saa ngapi.

La mwisho, dada yangu: padi za kuchezea nunueni mbili. Jifunze kumfunga goli moja tu, halafu uone nani atakuwa anamwita mwenzake sebuleni!