Jemadari San Martín Avuka Milima ya Andes

Huko Argentina, Chile na Peru jina la José de San Martín hutajwa kwa heshima kubwa. Alizaliwa mwaka wa 1778 katika kijiji cha Yapeyú, Argentina, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Angali mtoto alipelekwa Hispania, akaingia jeshini, akapigana kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka wa 1812 alirejea Buenos Aires kuwasaidia waliotaka kujitawala.

San Martín aliona kwamba Argentina haitakuwa salama maadamu Wahispania wanatawala Peru. Majeshi yaliyopita njia ya kaskazini yalikuwa yameshindwa. Basi akaazimia kuvuka milima ya Andes, aikomboe Chile, kisha aende Peru kwa merikebu.

Mwaka wa 1814 alifanywa liwali wa jimbo la Cuyo, penye mji wa Mendoza chini ya milima hiyo, akafanya matayarisho kwa zaidi ya miaka miwili. Padre mmoja, Luis Beltrán, alisimamia karakana ya mizinga. Vipande vya ngozi ya ng'ombe vilishonwa viatu. Hata vitunguu na vitunguu saumu vilipakiwa viwe dawa, kwa kuwa huko juu hewa ni haba na mtu hushikwa na kizunguzungu.

Januari 1817 watu wapatao 5,000 walianza kupanda, pamoja na nyumbu kama 10,000 (si nyumbu wa porini, bali wale wazaliwao na punda na farasi). Walishika njia mbalimbali ili adui asijue watatokea wapi. Walipita mahali palipozidi futi 12,000 kwenda juu, katika baridi kali, na nyumbu zaidi ya nusu wakafa. Lakini tarehe 12 Februari waliwashinda Wahispania huko Chacabuco.

Askari wengi wa miguu walikuwa watu weusi, wazao wa Waafrika, waliotolewa utumwani kwa sharti la kupigana. Wengi wao hawakurudi tena Mendoza. Sanamu za jemadari ni nyingi; majina ya hao ni machache yajulikanayo.

Mwaka wa 1821 San Martín aliingia Lima, akatangaza uhuru wa Peru. Mwaka uliofuata alionana faraghani na Jemadari Simón Bolívar mjini Guayaquil, kisha akajiuzulu, akamwachia mwenzake vita vilivyosalia. Alifariki Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, tarehe 17 Agosti 1850. Mwili wake ulirudishwa Buenos Aires mwaka wa 1880.