Sketi za Uskoti kwenye barabara ya Moyale

BUJUMBURA. Mji huu ulitekwa na askari wa Wabelgiji mwaka 1916. Anayepeleka mzigo Ethiopia kupitia Moyale naye hupita uwanja wa vita vingine. Yapata kilomita 100 mbele ni Mega, iliyotekwa na Waafrika Kusini Februari 18, 1941. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha tatu cha Transvaal Scottish, Wazungu wa kujitolea walioshika mila za Uskoti: zumari za mfuko, na sketi za mirabaraba ya ukoo wa Murray wa Atholl. Sketi hizo ni za gwaride. Vitani ni kaki, na mvua ya Mega iliwatesa kuliko Mtaliano. Miezi tisa baadaye, Novemba 23, vifaru vya Wajerumani vilikimaliza kikosi hicho Sidi Rezegh, Libya.