Sabuni Ilikwisha, Mchezo Ukabaki

Wako wazee katika Marekani, wake kwa waume, ambao ukiwauliza walikuwa wakifanya nini siku ya tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyopigwa risasi Rais Kennedy, hawatakuanzia na mji wa Dallas wala na Rais mwenyewe. Watakuanzia na mama mmoja aitwaye Nancy Hughes, aliyekuwa nyumbani kwake akizungumza na baba mkwe wake habari za chakula cha sikukuu. Katikati ya mazungumzo hayo picha ikakatika, na sauti ya mtangazaji Walter Cronkite ikaingia na habari ya msiba.

Nancy Hughes hakupata kuishi duniani. Alikuwa mtu wa mchezo wa televisheni ulioitwa As the World Turns, na aliyemwigiza, Bibi Helen Wagner, alikuwa studio saa hiyo hiyo, kwani mchezo ulipelekwa hewani moja kwa moja bila ya kurekodiwa kwanza. Lakini wasikilize wazee hao wanavyomtaja! Wamtaja kama ambavyo mtu humtaja jirani aliyehama mtaa.

Ukurasa huu kwa desturi huzungumza habari za mishahara, za mazao na za wajibu wa wanachama. Leo twataka kuzungumza habari za michezo hiyo ya mchana, na hatuoni kwamba tumetoka njiani. Hii nayo ni habari ya mali na ya wafanya kazi, na ndani yake mna swali ambalo Chama chetu limekuwa likiuliza tangu zamani: kitu kilichotengenezwa na wenye fedha, kikapendwa na watu na kutunzwa na watu, mwenyewe ni nani?

Michezo hiyo yaitwa "michezo ya sabuni", na jina hilo si la mzaha. Ilianza katika redio, mjini Chicago, mwaka 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na wanaume kwa mamilioni hawana kazi. Mwalimu mmoja wa zamani, Bibi Irna Phillips, aliandika mchezo ulioitwa Painted Dreams kwa ajili ya kituo cha redio cha WGN. Kila siku kipande kidogo, na kila kipande kikiishia mahali ambapo msikilizaji hawezi kulala kabla ya kujua yatakayofuata. Wenye viwanda vya sabuni wakaona faida yao. Nani aliyekuwa nyumbani mchana, mikono yake imo katika beseni la nguo na la vyombo, na masikio yake hayana kazi? Mama wa nyumbani. Basi kampuni ya Procter & Gamble ya mji wa Cincinnati na wenzake wakatoa fedha, na baadaye hawakutosheka kutoa matangazo tu, bali wakaimiliki michezo yenyewe, tangu wazo hadi waandishi na waigizaji.

Bibi Phillips aliyatambua mapema mambo ya umiliki, na aliyatambua kwa uchungu. Alipotaka kuondoka na mchezo wake kwenda mahali pengine, kituo kilisema mchezo si wake. Akaenda mahakamani. Mwaka 1940 mahakama ya rufani ya Illinois iliamua kwamba kazi aliyoiandika akiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Mfanya kazi ye yote wa kalamu au wa nyundo ataielewa hukumu hiyo bila ya kutafsiriwa na wakili. Yeye lakini hakuvunjika moyo. Aliandika mingine, na tangu hapo akahakikisha kwamba haki zake zinajulikana.

Katika michezo yake ulioishi maisha marefu kupita yote ni The Guiding Light, ulioanza katika redio mwaka 1937 ukamalizikia katika televisheni tarehe 18 Septemba 2009. Miaka 72! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya mchezo huo alikuwa mzee mwenye wajukuu siku ulipozimwa. Kiini chake kwa miaka mingi kilikuwa jamaa ya akina Bauer, watu waliotoka Ujerumani, wa nyumba ya kawaida, ambao baba yao, Papa Bauer, alikuwa mtu wa nasaha. Aliyemwigiza, Theo Goetz, alikuwa mwigizaji wa kutoka Austria, na alimwigiza tangu siku za redio hata alipofariki mwisho wa mwaka 1972. Wenye mchezo hawakutafuta mtu mwingine wa kukalia kiti chake. Walimwacha Papa Bauer naye afe, na watu wakamlilia baba wawili kwa pamoja.

Na tuseme neno juu ya kazi yenyewe, maana wengi hudhani kuigiza ni kucheza. Kuanzia 1952 hadi 1956 mchezo huo ulikuwa katika televisheni na katika redio pia. Waigizaji waliuigiza moja kwa moja mbele ya kamera, kisha siku hiyo hiyo wakaurudia maneno kwa maneno mbele ya kipaza sauti cha redio. Na kesho maneno mapya. Sijui kiwanda gani kinachowataka watu wake kutengeneza bidhaa mpya kila asubuhi ambayo haijapata kutengenezwa jana, wala haitatengenezwa tena kesho.

Nguvu ya wasikilizaji ilionekana mapema. Mwishoni mwa mwaka 1941 mchezo huo uliondolewa hewani. Barua zikamiminika kwa maelfu, barua za akina mama ambao hakuna aliyewahi kuwauliza rai yao juu ya jambo lo lote, na baada ya miezi michache mchezo ukarudishwa. Hapana chama kilichowakusanya wala mkutano ulioitishwa.

Wapo watakaosema kwamba michezo hiyo ilikuwa upuuzi mtupu, mapenzi na machozi, ndugu aliyepotea baharini akarudi na sura nyingine. Ni kweli, upuuzi ulikuwamo, tena mwingi. Lakini ukiwasikiliza waliopenda michezo hiyo, utaona kwamba wanayoyakumbuka zaidi si ya baharini. Wanamkumbuka Bert Bauer, mke wa nyumbani katika The Guiding Light, ambaye mwaka 1962 alionekana akienda kupimwa na daktari na kukutwa na saratani ya kizazi mapema, ikatibiwa akapona. Mwandishi wake, Bibi Agnes Nixon, alikuwa na rafiki aliyekufa kwa maradhi hayo. Wenye sabuni na wenye televisheni walimruhusu kuandika habari hiyo kwa sharti la ajabu: neno saratani lisitajwe, wala neno kizazi. Akaandika hivyo hivyo, na akina mama wakafahamu, kwani mwanamke hahitaji kutajiwa jina la kitu kinachomtisha.

Jambo la Bert Bauer lina ndugu yake hapa kwetu. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wa mtindo ule ule wa vipande vya mfululizo, lakini bila ya sabuni ya kuuzwa. Ulikusudiwa kuwafundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Wasikilizaji wa siku hizo watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu, ambaye mwishowe alimwacha akasimama kwa biashara yake mwenyewe. Mkwaju aliugua akafa. Wataalamu walitaka kupima kama mchezo unabadilisha watu, kwa hiyo mtambo wa Dodoma haukuurusha hadi mwaka 1995, na wenyeji wa huko wakasubiri miaka miwili kumjua Mkwaju. Hapo twaona kwamba chombo ni kimoja, na aliyekishika ndiye aamuaye kitauza nini.

Turudi Marekani, kwa Bibi Nixon huyo huyo. Mwezi Julai 1968, miezi mitatu tu baada ya kuuawa Martin Luther King, alianzisha mchezo ulioitwa One Life to Live. Ndani yake alikuwamo msichana aitwaye Carla, ambaye watazamaji walimdhani ni Mzungu, na aliyechumbiwa na daktari Mzungu. Miezi ikapita. Kisha siku moja Carla akakutana na Sadie Gray, mama Mweusi aliyekuwa akisimamia usafi hospitalini, na ikafichuka kwamba huyo ndiye mama yake mzazi, aliyekimbiwa na bintiye kwa sababu ya rangi. Kituo kimoja cha Texas kiliacha kuuonyesha mchezo huo. Watazamaji waliokwisha kumpenda Carla kwa miezi mingi walijikuta wanaulizwa swali juu ya nafsi zao wenyewe, sebuleni mwao, saa za mchana.

Aliyemwigiza Carla, Bibi Ellen Holly, alikuwa mwanamke Mweusi kweli. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1996, aliandika kwamba yeye na mwenzake Lillian Hayman, aliyekuwa Sadie, walilipwa kidogo na kudharauliwa wakilinganishwa na wenzao Wazungu. Mchezo uliokuwa ukihubiri usawa mbele ya kamera! Mashabiki wengi hawakuyajua hayo wakati ule, na wanaoyajua leo hulitaja jina lake kwa heshima zaidi.

Si kila kumbukumbu yastahili kusifiwa. Mwezi Novemba 1981 watu wapatao milioni 30 walitazama harusi ya Luke na Laura katika General Hospital, na hata nyota wa sinema Elizabeth Taylor alikuja kuigiza humo. Hadi leo hiyo ndiyo harusi itajwayo kwanza watu wakikaa kukumbuka. Lakini mapenzi hayo yalianza mwaka 1979 kwa Luke kumbaka Laura, na mchezo ukaligeuza tendo hilo kuwa mlango wa mahaba. Sisi twasema lilikuwa jambo baya, na wanawake wengi walioshangilia harusi ile wakiwa wasichana wanasema hivyo hivyo leo. Hatuoni ajabu mtu kupenda kitu na kukilaumu. Ndivyo tunavyowapenda wazee wetu.

Walikuwako pia wale waliopendwa kuchukiwa. Lisa wa As the World Turns, mvunja nyumba za watu, aliigizwa na Eileen Fulton tangu 1960, naye alisimulia kwamba mwanamke mmoja alimpiga barabarani kwa ubaya wa Lisa. Naye Susan Lucci, aliyemwigiza Erica Kane katika All My Children, aliteuliwa mara 18 kwa tuzo ya Emmy akaikosa, na alipoipata mara ya 19, mwaka 1999, ukumbi mzima ulisimama na kushangilia kwa dakika nyingi.

Kilichoiua michezo hiyo si uchovu wa watu. Akina mama walikwenda kazini, maofisini na viwandani, na beseni la nguo likabaki peke yake. Mwaka 1995 kesi ya O. J. Simpson ilikalia saa za mchana kwa miezi mingi, na watazamaji waliokatwa kamba hawakurudi wote. Vipindi vya mazungumzo na mapishi vilikuwa rahisi kutengeneza. The Guiding Light, uliokuwa umefupisha jina lake kuwa Guiding Light, ukazimwa 2009. As the World Turns ukafuata tarehe 17 Septemba 2010, miezi michache baada ya kufariki Bibi Wagner, aliyekuwamo tangu siku ya kwanza ya mwaka 1956. All My Children ukaenda 2011, One Life to Live Januari 2012. Mashabiki waliandamana, wakaandika, wakapiga simu; hata kampuni ya Hoover, watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi, iliondoa matangazo yake katika televisheni ya ABC kwa kulalamika. Safari hii barua hazikufaa kitu. General Hospital ulinusurika, na wenzake wachache. Mwaka 2025 ukaanza mchezo mpya, Beyond the Gates, ambao kiini chake ni jamaa ya Watu Weusi, na miongoni mwa waliouanzisha wamo tena wale wale wa Procter & Gamble. Carla angetabasamu, lakini asingesahau kuuliza habari za mshahara.

Na hapa ndipo swali letu la kwanza linapopata uzito. Ukitaka leo kuiona michezo hiyo ya zamani, sehemu kubwa haipo. Iliyokwenda hewani moja kwa moja mara nyingi haikuhifadhiwa. Iliyorekodiwa baadaye ilifutwa, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na wenye mali waliona afadhali zitumike tena. Miaka ya kwanza ya All My Children imepotea karibu yote. Baadhi ya yaliyosalia ya miaka iliyofuata yamesalia kwa sababu mtazamaji fulani, karani au muuguzi aliyekuwa kazini mchana, aliiachia mashine yake nyumbani imrekodie, kisha akaziweka kanda katika masanduku miaka na miaka.

Miongoni mwa michache iliyohifadhiwa karibu yote ni Dark Shadows, ulioonyeshwa mchana na ABC kuanzia 1966 hadi 1971, wenye zimwi mnyonya damu aitwaye Barnabas Collins, ambalo watoto wa shule walikimbia nyumbani kuliwahi. Vipande vyake ni 1,225. Kimoja, cha 1219, hakikuonekana katika ghala lo lote la kampuni. Hata hivyo kinaweza kusikika leo, kwani shabiki mmoja alikirekodi sauti yake nyumbani siku kilipoonyeshwa, na kanda zilipokuja kuuzwa kwa watu, picha za vipande vingine zilipangwa juu ya sauti yake.