Heroe wa Saadani Hawazaliwi Saadani

Kwenye majaruba ya chumvi ya Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, heroe wadogo huonekana vichwa chini, wakichuja chakula majini kwa midomo iliyopinda. Wageni waliokuja hifadhini kutafuta simba na tembo karibu na ufukwe huwapiga picha na kudhani wamewakuta nyumbani.

Hapa wanakula tu. Wanapotaka kutaga, heroe wadogo wa Afrika Mashariki wana mahali pamoja pa kutegemea: Ziwa Natron, chini ya Mlima Oldoinyo Lengai, kilomita 500 hivi kutoka Saadani. Ni mahali pakali. Maji yake ya magadi huchoma ngozi ya binadamu, na tope lake mchana halikanyagiki kwa joto. Ukali huo ndio ulinzi wao. Heroe hujenga kichuguu cha tope mbali na ukingo, hutaga yai moja juu yake, kisha jike na dume hupokezana kulilalia kwa takriban siku 28. Fisi wanaokaa nchi kavu hawawafikii.

Ila ulinzi huo unataka maji ya kiasi. Yakipungua mno, fisi huvuka kwa miguu. Yakizidi, vichuguu huzama pamoja na mayai.

Mwaka 1962 ulionyesha hasara ya maji kuzidi. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilikuwa zimeifurisha Natron, na heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya. Makinda walipoanguliwa, magadi yaliganda miguuni mwao kama pingu hata wakashindwa kutembea. Watu waliingia ziwani kuwavunjia magamba hayo, kinda kwa kinda. Waliokoa maelfu, lakini wengi walikufa.

Na mvua ile chanzo chake kilikuwa bahari hii hii iliyo mbele ya Saadani. Kuna miaka ambapo Bahari ya Hindi hupata joto kupita kawaida upande wa Afrika huku ikipoa upande wa Indonesia. Hapo mawingu ya mvua huelemea kwetu, na vuli hugeuka gharika. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, na tena 2019. Kadiri dunia inavyozidi kupata joto, wanasayansi wanatarajia misimu mikali ya namna hiyo ije mara nyingi zaidi. Heroe wamezoea mwaka mbaya mmoja mmoja. Taabu ni miaka hiyo ikianza kufuatana.

Mafuriko hugusa chakula pia. Heroe wadogo huishi kwa mwani wa rangi ya kijani-buluu unaostawi katika maji mazito ya magadi. Maji ya mvua yakiingia kwa wingi, magadi huzimuliwa na mwani hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za miaka zaidi ya 20, ulionyesha hali hiyo katika maziwa mengi ya ukanda huu. Ziwa Nakuru lilikaribia kuongezeka maradufu kwa eneo kati ya 2009 na 2022, huku kipimo cha mwani wake kikishuka kwa nusu hivi. Ndege mwenye njaa hachezi ngoma ya kutafuta mwenzi, na asipocheza hatagi.

Kwa macho, hasara hii ni ngumu kuiona. Heroe huishi miongo kadhaa, hivyo Natron inaweza kukosa makinda misimu kadhaa na majaruba yakaendelea kupendeza kwa waridi. Anayetaka kujua hali ya mazalia asihesabu hao wa waridi. Atafute wenye rangi ya kijivu na kahawia: ndio vijana, ambao waridi lao huchukua miaka mitatu au zaidi kukolea. Kundi lisilo na wa kijivu, hata likiwa na maelfu, ni kundi linalozeeka.