Bukavu: ukitaka kuwaonyesha marafiki wa mbali mji huu, fuata njia ya maji

Mtu anayehamia Bukavu kutoka Kindu, Kalemie ao Kisangani hakawii kupokea ombi kwenye simu: «Tuonyeshe mji.» Huko nyumbani wamesikia sifa za ziwa, milima na baridi, na wanataka kuona kwa macho yao. Wengi wetu tunajibu kwa picha ile ile: La Botte ikiingia ndani ya Ziwa Kivu, miti ya kijani, maji ya buluu, na milima ya mbali nyuma yake.

Picha hiyo si ya uongo. Lakini rafiki anayeiona anadhani kwamba Bukavu yote ni kama hoteli kubwa kando ya maji. Kisha siku ingine anasikia kwenye redio kwamba udongo umeporomoka Kadutu, ao kwamba moto umeteketeza nyumba usiku, na anapiga simu kuuliza: «Ni Bukavu hiyo hiyo?»

Ndiyo, ni hiyo hiyo. Na kwa kumuelewesha, tusimpe picha moja, tumtembeze. Njia rahisi ni kufuata maji, kuanzia juu Kadutu pale mvua inapoanguka, mpaka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani.

Siku hizi matembezi hayo yanafanyika zaidi kwa simu. Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 walipoingia mjini, safari za kawaida za ndege kwenye uwanja wa Kavumu zilikatika, na barabara ya kwenda Maniema ni ndefu, mbaya na haina usalama. Rafiki wa Kindu ambaye zamani angepanda ndege na kufika kwa muda mfupi, leo anatutegemea sisi tulio hapa. Tunachomtumia ndicho atakachojua juu ya Bukavu.

Juu Kadutu

Anza asubuhi, wakati ukungu unapoondoka. Mwambie rafiki kwamba ziwa lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya bahari, na nyumba zinapanda juu zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezoea joto la Kindu, akifika hapa, anatafuta koti siku ya kwanza.

Kutoka juu Kadutu mtu anaona mji namna wanavyousimulia wenye kuupenda: mkono wa kijani uliochovya vidole vitano ndani ya maji. Vidole hivyo ni zile rasi zinazoingia ziwani, upande wa komine Ibanda. Muhumba na Nguba ziko upande huo, pamoja na nyumba za zamani ambazo wakoloni walijenga wakati mji ulipoitwa Costermansville. Wazee wanasimulia kwamba jina Bukavu linatoka kwenye neno la Kimashi la ng'ombe, kwa sababu hapa palikuwa malisho.

Baada ya hapo, geuza simu na uonyeshe mahali uliposimama. Ni nyumba za mbao zilizobanana, bati juu ya bati, ngazi zilizochimbwa ndani ya udongo, na njia ambayo hata motari anakataa kuingia. Nyumba moja ikiwaka, gari la kuzima moto halina mahali pa kupita, na moto unaruka mpaka kwa jirani.

Mji huu ulipangwa kwa watu wachache. Tangu miaka ya 1990, vita vilisukuma watu kutoka Shabunda, Walungu, Kalehe, Mwenga na kwingineko. Walikimbilia mjini, na kwa kuwa mahali pazuri palikuwa pamekwisha kuchukuliwa, walijenga kwenye miteremko. Katika kartie Funu, wataalamu wa udongo wanajua tangu zamani kwamba sehemu kubwa ya mlima inateremka polepole. Wakaaji wanaiona kwenye kuta zinazopasuka na milango inayokataa kufunga. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi katika eneo hili na kuua watu pande zote mbili za Ruzizi.

Hivyo rafiki aelewe: mteremko unaotupatia mandhari nzuri ndio pia unaobomoa nyumba zetu. Anayepiga picha akiwa juu anafurahi. Anayelala pale, mvua ikianza saa nane ya usiku, anaamka na kuhesabu watoto.

Kushuka kwenye soko na Kawa

Mvua ikinyesha Kadutu, maji hayakai. Yanashuka mbio kwenye vijia, yanabeba udongo mwekundu, yanaingia katika mifereji na katika kijito Kawa. Hapo onyesha soko ya Kadutu, kwani mgeni asiyefika soko hajafika mjini. Kuna lenga-lenga, viazi, maharagi na ndizi kutoka Kabare na Walungu, vilivyobebwa na akina mama waliotoka kwao kabla ya jua. Ni hapo utasikia Kimashi, Kilega, Kihavu na Kiswahili katika sentensi moja.

Lakini usiondoe simu kwenye mfereji. Umejaa sashe na chupa za plastiki, na mahali pengine nyumba imejengwa juu yake kabisa. Maji yakikosa njia yanaingia nyumbani mwa watu. Ni jambo ambalo kila mkaaji analijua, na kila msimu wa mvua linarudi.

Na hapo rafiki atauliza swali ambalo linatuumiza: «Ziwa lote hilo mbele yenu, na watoto wanabeba bidoni?» Mwambie ukweli. Kuona maji ni kitu kimoja, na kuyapandisha mpaka kwenye mlima ni kingine. Inahitaji pampu, umeme na mabomba, na mji umeongezeka mara nyingi kuliko mabomba yake. Kwa hiyo mama anayeishi juu na kuona ziwa kila asubuhi anaweza kukosa maji ya kupika.

Ziwani

Sasa mfikishe kwenye ukingo. Rafiki wa Kindu, aliyekomaa kando ya Lualaba, ataogopa mamba. Mtulize: Ziwa Kivu halina mamba. Lina mambo mengine ya kushangaza. Urefu wa kwenda chini unafika karibu mita 480, na huko chini kumefungwa gesi ya methani. Upande wa kaskazini kuna Idjwi, kisiwa kikubwa chenye wakaaji, mashamba na mananasi matamu. Kwenye bandari ndogo utaona mashua zinazopeleka watu na vyakula Goma na Idjwi.

Jioni subiri wavuvi. Wanatoka wakiwa wamefunga mitumbwi mitatu pamoja, wanapiga kasia huku wakiimba, na usiku taa zao zinaonekana mbali kama mji mwingine juu ya maji. Wanatafuta sambaza. Watu wengi hawajui kwamba sambaza naye ni mgeni hapa: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna anayeweza kufikiri chakula cha Bukavu bila yeye. Ni habari njema kwa sisi wengine tuliokuja kutoka mbali.

Mweleze pia kwamba uzuri wa ukingo huu una hatari yake. Mwezi wa Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua kubwa ilishusha mawe na matope mpaka kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa hili hili. Zaidi ya watu 400 walikufa. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi.

Pale Ruzizi unapoanzia

Mwisho wa matembezi ni pale ziwa linapogeuka mto. Ng'ambo ni Rwanda. Ruzizi unaanza taratibu, kisha unaingia kwenye mabonde yenye mteremko mkali, na hapo yamejengwa mabwawa ya umeme: Ruzizi I tangu wakati wa ukoloni, na Ruzizi II, ambayo Congo, Rwanda na Burundi wanaitumia pamoja.

Ni hapa ile plastiki tuliyoiona Kadutu inafika. Chupa iliyotupwa kwenye mfereji inasukumwa na mvua mpaka kijitoni, kutoka kijitoni mpaka ziwani, na ziwa linaipeleka kwenye mlango wake mmoja tu wa kutokea. Takataka zinarundikana mbele ya bwawa, zinaziba mahali maji yanapoingia, mashine zinasimama, na taa zinazimika mjini. Wafanyakazi wanalazimika kuziopoa, na kesho yake zinakuja zingine. Anayetupa sashe leo asubuhi anaweza kulala gizani kwa sababu yake.

Hii ndiyo sababu salongo ya siku ya posho haitoshi ikiwa inafanywa tu kwenye barabara kubwa, mahali wakubwa wanapopita. Kazi inaanza juu: mifereji ya Kadutu na Bagira, miti kwenye miteremko, na mahali pa kutupia takataka ambapo gari linafika kweli. Wanaoishi chini, Nguba na Muhumba, wana faida nayo kama wale wa juu, kwani udongo na uchafu wote unashukia mbele ya nyumba zao.

Na huyu rafiki wa mbali, haya yanamhusu nini? Mwambie aangalie ramani. Ruzizi unateremka mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Ziwa Tanganyika nalo linatoa maji kwa mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba. Lualaba unapita Kongolo, Kasongo, Kindu, na kufika Kisangani, ambako unakuwa mto Congo.

Kwa hiyo mvua inayoanguka juu ya bati la Kadutu iko kwenye njia moja na maji ambayo watu wa Kindu wanavuka kila siku kwa mtumbwi. Barabara zimeharibika na ndege hazitui, lakini njia hiyo haijakatika. Ukimtumia picha za Bukavu, mtumie zote, kutoka mlimani mpaka mtoni, na umuombe naye akupigie picha ya Lualaba jioni. Mtakuwa mnaonyeshana maji yale yale.